Mtungi Mmoja wa Hewa

Mwanangu wa pekee nilimzaa Iringa, zama za Mwingereza, mwaka ambao masika yalikata njia ya Dodoma na malori yakakaa matopeni wiki baada ya wiki. Nilikuwa nimeolewa Mbeya. Lakini kwetu mimba ya kwanza hurudi kuzaliwa kwa mama, na mama yangu alikuwa Iringa, katika nyumba ya bati karibu na soko, alikoletwa na baba yangu kutoka pwani wakati baba alipokuja kuuza vitambaa. Kwa hiyo mimba ilipokomaa mume wangu aliniombea nafasi katika lori la rafiki yake, nikakalishwa mbele na dereva, nimepangiwa mito mgongoni na ubavuni. Tulipofika Makambako baridi ilikuwa kali hata vioo vikajaa ukungu, na dereva akanishusha ninywe chai. Nilishindwa kupanda tena mpaka wanaume wawili waliponisukuma kwa nyuma. Walifanya kwa adabu, bila kucheka. Mimi ndiye niliyecheka.

Nilikuwa mnene. Sisemi mnene kama wasemavyo watu wakimsifu bibi harusi, ingawa nilianzia hapo. Nilipoolewa nilikuwa na mwili wa kawaida, nikalishwa kama wanavyolishwa wari, kisha nikaingia nyumba ya mfanyabiashara ambaye furaha yake ilikuwa kuniona nikila. Dukani kwake kulikuwa na mchele wa Usangu, samli, sukari na tende za boksi, na kila akirudi alinibebea kitu. Wanawake wa mtaani waliniambia nimenawiri, kwamba ndoa imenikubali. Nami nilikubaliana nao. Nilikula hata nilipokuwa sina njaa, na mimba ilipoingia nilikula kwa niaba ya wawili, ndivyo nilivyoambiwa.

Miezi ya mwisho sikuweza kulala chali. Nikilala chali kifua kilizibwa, nikaamka natweta. Mume wangu alisema nikiwa usingizini hukoroma, kisha mkoromo hukatika na kimya kinakuwa kirefu mpaka yeye aniguse bega, ndipo ninapovuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Alinisimulia hivyo kwa upole, kama jambo dogo. Tuliongeza mito, nikawa nalala nimeketi. Hatukudhani kuna la kumwambia mtu.

Uchungu ulinishika alfajiri. Mkunga wa mtaani, mwanamke mzee aliyewazalisha majirani wote wa mama, alinipapasa tumbo kwa muda mrefu, ikawa shida kwake kumtafuta mtoto ndani ya nyama yangu. Mwishowe akasema mtoto amelala kwa upande, kichwa hakijashuka, na hili si la kwake. Akamwambia mama anipeleke misheni. Mama alisita. Hakuwa amewahi kuingia hospitali ya misheni, alisikia tu kwamba kuna msalaba kila ukuta. Kisha akajifunga kanga akaenda kwa jirani yetu Mwarabu kuazima gari.

Daktari alikuwa Mzungu mwenye umri, aliyesema Kiswahili polepole, kila neno kamili. Alikuwa na muuguzi Mbena, mwanamke wa Kilutheri, mkubwa kwangu kwa miaka kiasi, mwenye mikono mipana yenye nguvu. Ndiye aliyenivua, akaniosha, akaniita dada. Nilipopelekwa chumba cha upasuaji nilimshika nguo yake nikakataa kuiachia, naye akaniruhusu.

Kwanza walitaka kunichoma sindano mgongoni, ili nife ganzi kutoka kiunoni kwenda chini huku nikiwa macho. Waliniketisha ukingoni mwa meza, nikainama kadiri tumbo lilivyoniruhusu. Daktari alipapasa uti wa mgongo wangu kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka gizani. Akachoma, akatoa. Akachoma tena. Sindano haikufika. Nilimsikia akipumua kwa nguvu puani, kisha akasema na muuguzi kwa sauti ya chini. Wakanilaza.

Sijui nieleze vipi kulala kule. Mtoto tumboni na mwili wangu mwenyewe, vyote vilinilalia kifuani. Nilifungua mdomo na hewa haikuja. Nilirusha mikono, nikaangusha sinia la vyuma. Wakaniinua upesi, wakakunja mablanketi wakayapanga chini ya mgongo na mabega na kichwa mpaka nikawa nimelala kama mtu anayeegemea kilima, wakaniegemeza kidogo upande wa kushoto. Hapo hewa ikarudi.

Daktari akainama karibu na uso wangu. "Mama," akasema, "itabidi ulale usingizi wa dawa. Dawa hii inalegeza kila kitu. Wewe ukilegea, koo lako litajifunga. Huyu sista atakupumulia."

Nilimuuliza kama mtoto atapona. Alisema watajitahidi. Kisha akageuka akasema maneno ya Kiingereza kwa mtu aliyekuwa mlangoni, na mtu yule akaondoka mbio. Muuguzi akanifunika pua na mdomo kwa kinyago cha mpira. Harufu ya ile dawa ni tamu na kali kwa pamoja, inakwaruza. Kitu cha mwisho nilichosikia ni chuma kizito kikiburutwa sakafuni.

Nilipozinduka nilikuwa nimeketi. Walikuwa wameniegemeza kitandani kwa mablanketi na mito, na mkono wa muuguzi ulikuwa chini ya kidevu changu, umeinua taya. Aliniambia nivute. Nikavuta. Akaniambia tena. Kila niliposinzia mkono wake uliinuka na sauti yake ikarudi. Aliniambia nimepata binti, mzima, analia vizuri. Nilitaka kumwona lakini sikuwa na nguvu ya kuuliza. Nilikuwa na kazi moja tu, kuvuta na kutoa, na hata hiyo niliifanya kwa kusukumwa.

Siku zilizofuata nilishikwa na homa. Nilikohoa, na kila kikohozi kilivuta mshono. Maziwa hayakuja. Binti yangu alilia mpaka sauti ikakauka, mama akimtembeza, na maziwa ya kopo ya hospitali yalikuwa yamekwisha kwa kuwa nayo huletwa na malori yaliyokwama. Ndipo muuguzi akaja na mwanamke.

Alikuwa Mhehe, kijana, pengine mdogo kuliko mimi, mwembamba, amejifunga kaniki begani, miguu mitupu. Alitusalimu kwa Kihehe, "Kamwene," akakaa kwenye mkeka kando ya kitanda changu bila kuangalia juu, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mama yangu. Nilimsikia binti yangu akimeza. Sijawahi kusikia sauti niliyoipenda kama ile. Alimeza kwa pupa, akakwama, akapumua, akaendelea, na mama yangu aliketi ukutani machozi yakimtoka.

Yule mwanamke akawa anakuja kila mtoto alipolia. Hakusema sana. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwao, cha kuchanganya. Alisema anatoka Ilula, upande wa njia ya Morogoro, wao ni wakulima. Siku moja alitabasamu kidogo akasema, "Mtoto hii anavuta sana." Nikafurahi kwamba ameongea. Nikamuuliza wake yuko wapi.

"Wangu amelala," akajibu.

Nikamwambia ana bahati, amepata mtoto mtulivu, wangu ni wa makelele. Yeye akamhamishia binti yangu titi la pili. Nimeyarudia maneno yangu yale miaka mingi, na kila nikiyarudia natamani kuuma ulimi.

Homa iliposhuka nilianza kufikiri kama mtu. Adhuhuri moja, yule mwanamke alipokwisha kunyonyesha na kutoka, nilimwambia mama tumtafutie doti ya kanga, na mwanawe naye tumshonee kijinguo. Mama alikuwa anakunja nepi. Akaendelea kukunja.

"Mwanawe hana haja ya nguo," akasema.

Nilimtazama. Akaweka nepi chini, akaja akaketi kitandani, akanieleza kwa sauti ndogo ili wa vitanda vingine wasisikie. Siku ya upasuaji wangu yeye alikuwa ameketi kwenye benchi la barazani. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa mkono huu, na mkono wa pili ulikuwa wodi ya watoto. Hospitali nzima ilikuwa imebakiwa na mtungi mmoja wa hewa wenye kitu ndani yake. Ule wa chumba cha upasuaji ulikuwa unaishia, mingine iko matopeni njiani. Mtungi huo mmoja ulikuwa kando ya kitanda cha mtoto wa kiume wa yule mwanamke, mtoto wa kutambaa, aliyekuwa na kichomi. Mama aliwaona watu wawili wakiingia wodini na kutoka wakiuburuta.

"Niliona wanautoa," mama akasema, "nikajua unakuja kwako. Nikamshukuru Mungu. Hilo ndilo nililofanya, mwanangu. Nikakaa pale nikamshukuru Mungu, na yule mwanamke nilikuwa namwona mlangoni amempakata mwanawe."

Sikuweza kulia, mshono uliniuma. Nilikaa nimekodolea ukuta. Nilichofikiri, na hili sikumwambia mama, ni kwamba mwanamke mwembamba angechomwa ile sindano ya mgongo, ikaingia mara moja, akapasuliwa akiwa macho, akipumua mwenyewe kwa hewa ya Mungu iliyojaa kila mahali. Mtungi ungebaki ulipokuwa. Sindano ilinikosa kwa sababu ya samli na tende na mchele wa Usangu. Koo langu lilihitaji kushikiliwa kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyenilisha kwa nguvu.

Jioni ile nilimuuliza muuguzi. Hakukana. Aliniambia mtoto yule aliletwa akiwa amechelewa, kichomi kimeshika mapafu yote mawili, na daktari alisema huenda asingepona hata angeachiwa mtungi.

"Huenda?" nikamuuliza.

"Huenda," akasema.

Kisha akanieleza ambacho sikumuuliza. Nilipolegea kwa dawa midomo yangu iligeuka rangi ya zambarau. Yeye ndiye aliyekuwa kichwani kwangu. Mkono mmoja ulikaza kinyago na kuinua taya, mkono wa pili ukakamua mfuko wa mpira uliojazwa na mtungi, akikamua na kuachia, akikamua na kuachia, na kifua changu kilikuwa kizito mno kuinuka hivi kwamba alitumia nguvu za mwili mzima. Mtungi uliotoka wodini ulipounganishwa rangi yangu ilianza kurudi. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya mvuke wa dawa. Binti yangu alikuwa ametolewa, analia, na daktari alikuwa anashona, ndipo muuguzi aliposikia kilio cha mwanamke kutoka ng'ambo ya baraza.

"Nilijua ni nani," akaniambia. "Mikono nisingeweza kuiondoa kwako. Nikaendelea kukamua."

Alisimama kidogo, akaninyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo, akaenda zake.

Kesho yake yule mwanamke alipokuja nilishindwa kumtazama. Nilimwambia mama asimpe mtoto, tumtafutie maziwa ya ng'ombe, tuchemshe, tuchanganye na maji. Mama hakujua afanye nini. Binti yangu alikuwa analia. Mwanamke alisimama katikati ya wodi mikono imelegea.

"Dada," nikamwambia, "nimeambiwa."

Akakaa kwenye mkeka wake. Alivuta kaniki magotini, akangoja.

Nilimuuliza kama walimwomba ruhusa.

"Nani aniulize?" akasema. "Walikuja wawili, wakasema iko mama anakufa mezani. Wakatoa ile mpira puani kwa mtoto, wakavuta chuma. Mimi nilikuwa nimemshika tu."

"Na kama wangekuuliza?"

Hapo ndipo aliponitazama usoni, mara ya kwanza tangu tujuane. Alikuwa na macho makubwa, yaliyochoka. Hayakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Ningesema hapana," akajibu.

Nilisema naelewa. Sijui kama nilielewa. Nilimuuliza kwa nini basi anamnyonyesha mwanangu. Akaangalia kifua chake, kaniki imelowa, kama ananionyesha jambo ambalo mtu mzima hapaswi kuuliza.

"Maziwa yananiuma," akasema. "Na huyu analia. Lete mtoto."

Mama akampa.

Ni mama yangu aliyekumbuka dini, si mimi. Mtoto alipokwisha kushiba, mama alikwenda kukaa kwenye mkeka pamoja na yule mwanamke, jambo ambalo hakuwa amelifanya. Akamweleza kwamba kwetu Waislamu, mwanamke akimnyonyesha mtoto akashiba mara kadhaa, amekuwa mama yake wa kweli. Si jina tu. Watoto wake na mtoto huyo ni ndugu, hawawezi kuoana kamwe, na mtoto ana haki ya kumwita mama mpaka kufa. Yule mwanamke alisikiliza kwa makini. Yeye na mumewe walikuwa Wakatoliki, mambo haya hakuyajua.

"Na aliyekufa pia?" akauliza. "Ni ndugu yake?"

"Aliyekufa pia," mama akasema. "Ni kaka yake."

Akainamisha kichwa juu ya binti yangu akalia. Hakuwa amelia mbele yetu hata siku moja. Mama aliweka mkono mgongoni mwake. Mimi nilikuwa juu kitandani nimeegemezwa na mito yangu, siwezi kushuka, na hata ningeweza sidhani ningethubutu.

Mvua ilipopungua mumewe alikuja kumchukua. Alitembea kutoka Ilula kwa miguu, suruali imekunjwa magotini, imejaa tope. Kumbe mtoto wao alizikwa makaburi ya misheni kabla yeye hajafika, kwa kuwa maiti isingengoja njia ikauke. Aliingia wodini mkewe alipokuwa anaaga. Alinitazama pale kitandani. Alitazama mabega yangu, mikono yangu, tumbo langu lililokuwa bado kubwa, akatazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kuona kile alichobadilishiwa mwanawe. Sikufunika mwili. Niliona ana haki ya kutazama. Kisha akasema na mkewe Kihehe na wakatoka. Doti ya kanga ambayo mama aliweka mikononi mwa yule mwanamke tuliikuta baadaye juu ya benchi la barazani, imekunjwa vizuri.

Nilirudi Mbeya mtoto akiwa na afya. Mume wangu alichinja mbuzi, akaalika mtaa. Nilipomsimulia habari ya mtungi alisema kila nafsi ina siku yake iliyoandikwa, na daktari ndiye aliyeamua, si mimi. Alisema kweli. Sheikh wetu naye alisema hivyo hivyo, kwa ushahidi wa aya. Niliwashukuru wote wawili. Lakini chakula kilianza kunishinda. Mume wangu alileta tende nami nikazigawa. Nilipungua, si sana, ila kiasi cha watu kuuliza kama naumwa, na wanawake wale wale walioniambia nimenawiri wakaanza kunipa pole. Nilijisemea kwamba nakula kidogo ili siku nyingine nisimpokonye mtu. Hakukuwa na siku nyingine. Daktari alishamwambia mama nisishike mimba tena, na sikushika.

Mume wangu aliumia kwa namna yake. Nilimwona akisimama mbele ya rafu za duka akitafuta kitu cha kuniletea, na asijue ni kipi. Mara moja alinishika mkono akaniuliza kama namlaumu. Nikamwambia hapana. Alikuwa amenipenda, hakuwa na njia nyingine ya kulionyesha hilo. Lakini nilichelewa kujibu, naye akakusikia kule kuchelewa.

Binti yangu alipokuwa anatembea nilimpeleka Iringa kwa bibi yake. Siku ya pili nilikwenda misheni peke yangu, nikamtafuta yule muuguzi Mbena. Alifurahi kuniona, akanisikiliza kwanza ninavyopumua kabla hajaniamkia vizuri. Nilimwomba anionyeshe kaburi. Lilikuwa nyuma, karibu na ua wa michongoma, kichuguu kidogo chenye msalaba wa mti uliokwisha kulala. Majani yalikuwa yamelifunika. Mimi Muislamu, sikujua nisome nini juu ya kaburi la mtoto wa Kikristo. Muuguzi alisema mtoto mdogo hana dini ya kubishania. Basi nikasoma ninachokijua, nikachuchumaa kwa taabu nikang'oa majani, na muuguzi akausimamisha msalaba.

Kisha mimi na mama tukapanda gari la mboga hadi Ilula. Hatukuwa tumepeleka habari. Tuliulizia njiani, tukaonyeshwa nyumba ya udongo yenye shamba la mahindi nyuma. Yule mwanamke alikuwa anapepeta, na mgongoni alikuwa na mtoto mwingine, mchanga. Aliona binti yangu kwanza, mimi baadaye. Akaweka ungo chini. Mama mkwe wake akatuletea vigoda. Mumewe alikuwepo. Alipotutambua alichukua jembe akatokea mlango wa nyuma, na hatukumwona tena siku ile.

Yule mwanamke alimpakata binti yangu muda wote tuliokaa, yule wake akiwa mgongoni. Mama alimfundisha binti yangu kumwita mama, naye akaita bila shida, watoto hawaoni ugumu. Tulikula ugali na mboga za maboga. Nilimwambia nimefika kaburini, nimepalilia.

"Kuna majani?" akauliza.

"Yalikuwepo. Nimeyang'oa."

Hakuwahi kurudi pale tangu siku ya maziko. Mumewe hakutaka kusikia jina la hospitali ile. Alisema siku moja atakwenda, na akaniuliza kama nitakuwepo. Nikamwambia akiniletea habari nitakuja kutoka popote nilipo.

Habari ilikuja kiangazi cha mwaka uliofuata, kwa mdomo wa mfanyabiashara wa vitunguu aliyepita dukani kwetu Mbeya. Nilisafiri siku mbili. Nilimkuta Iringa kwa mama yangu, amekuja na gari la sokoni, na nilipomuuliza kama mumewe anajua akasema anajua, na hakukataza, hakuruhusu. Tukatembea hadi misheni watatu, mimi, yeye na binti yangu. Mimi nilisimama njiani mara kwa mara kupumzika, naye alisimama pamoja nami bila kuambiwa, akitazama mbele.

Tulipofika alipiga magoti. Kaburi nilikuwa nimemlipa mtu alitunze, lilikuwa safi, na nilimwona akiligundua hilo, akipitisha kiganja juu ya udongo uliofagiwa. Sijui kama alilipenda. Pengine alitaka kuyang'oa majani mwenyewe. Kisha akaanza kusema Kihehe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mtoto habari za nyumbani. Alisema kwa muda mrefu. Sikujua Kihehe wakati ule zaidi ya salamu, na sikutaka kujua. Nilirudi nyuma hadi kwenye ua wa michongoma.

Binti yangu aliniuliza mama anasema na nani. Nikamwambia anasema na kaka yako. Akauliza kaka yuko wapi, nikamwonyesha. Akatazama kile kichuguu, akanitazama mimi. Halafu yule mwanamke akageuka akamwita. Binti yangu akaachia mkono wangu akaenda, akakaa kwenye mapaja yake, na yule mwanamke akaendelea kusema, sasa akilitaja jina la binti yangu katikati ya maneno, mara moja, kisha tena, akimshika bega kama anamtambulisha.

Mimi sikuitwa. Nilisimama pale pale mpaka walipomaliza.